Nilisema Nitarudi

Nilisema nitarudi. Nilisema mezani, mchana wa Jumapili, tukiwa tumetoka misa na bukari, yaani ugali wetu, bado ya moto kwenye sahani. Nilimeza kwanza tonge langu ili mtu asije akadai baadaye kwamba nilikuwa natafuna na hakusikia vizuri. Nimeomba likizo ya mwaka mmoja bila mshahara, nikasema, kazini wamekubali, nakwenda kuzunguka dunia, na mwaka ukiisha nitarudi kwenye kazi yangu. Mama akanitazama, akanikonyeza, kisha akanibana mkono chini ya meza.

"Sawa," akasema. "Utarudia. Tumesikia."

Mdogo wangu, kaka yangu wa pekee, akacheka ndani ya glasi yake ya maji. Mimi sikucheka.

Kwa asiyetoka kwetu Likasi, ambako kurudi ni kurudia, inabidi nieleze. Safari ya mbali haitangazwi. Mtu anayekwenda Bulaya, yaani Ulaya kwa wazungu, husema anakwenda Lubumbashi kununua viatu. Wengine wanaogopa wachawi, wengine wanaogopa midomo ya majirani, na wengine wanaogopa tu ndugu watakaoanza kuagiza simu na suruali kabla ndege haijaruka. Mama yangu mdogo alituaga akisema anakwenda Kapolowe kutafuta mahindi. Alibeba hadi magunia matupu! Baada ya wiki mbili akapiga simu kutoka Brussels, na hakuna aliyemkasirikia. Walimsifu kwa akili yake, na hadithi ya yale magunia husimuliwa hadi leo kwenye sherehe. Alipokuja kututembelea baada ya miaka mingi alikuja na kofia na karatasi za kule, akakaa mwezi mmoja, akarudi zake.

Kwa hiyo kwetu neno "nitarudi" ni neno la mtu asiyerudi. Nilijua hivyo tangu utoto. Ndiyo maana nilisema wazi, mezani, mbele ya wote, na tarehe juu. Nilidhani mtu akisema kweli na akaisema vizuri, itasikika kuwa kweli. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye diploma na bado nilidhani hivyo.

Kazi yangu ni maabara. Kiwanda kiko pembeni mwa mji, na magunia ya mawe huja kutoka Kamatanda na machimbo mengine. Mimi na wenzangu tunasaga, tunayeyusha kwa asidi, tunapima ndani ya jiwe mna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Tukishapima, jiwe linaondoka. Linapanda lori, linavuka mpaka wa Kasumbalesa, linafika baharini, linapanda meli, linakwenda China na kwingine nisikokujua. Miaka yote ile nilikuwa nayapima na kuyaaga. Kila jiwe bovu la Kamatanda lilikuwa limeona bahari, na mimi niliyelipima nilikuwa nimefika Kolwezi tu, kwenye matanga. Niliichukia hali hiyo. Sikuwa na mume wala mtoto, jambo ambalo familia yangu iliona ni ugonjwa, nami nikaona kwamba angalau ugonjwa huo uniachie nafasi ya kwenda kutazama dunia.

Nilianza na ubalozi mmoja wa huko huko Bulaya. Walininyima visa. Hawakuridhika, walisema, kwamba nitarudi nyumbani. Nilikuwa na barua ya likizo, nilikuwa na kazi, nilikuwa na mama mjane, na bado mtu nyuma ya kioo alinitazama na kuona mtu wa kubaki. Siku hiyo nilimtukana kimoyomoyo hadi nikachoka. Sikujua kwamba yeye na mama yangu walikuwa wameshakubaliana juu yangu bila kuonana.

Nikaenda kule walikonikubalia. Nilipita Zambia kwa basi, nikafika Dar es Salaam, ambako watu walinicheka nilivyosema "minye" badala ya mimi na "weye" badala ya wewe, kisha wakanilisha mpaka nikashindwa kuinuka. Nilikwenda Addis Ababa, nikakwenda Istanbul, nikakwenda Bangkok, na njia ya kurudi nikapitia Dakar. Nililala vyumba vya watu wanane. Niliosha nguo zangu kwenye beseni za kunawia. Nilikula vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa mnyama au mboga. Niliingia baharini na nguo zangu zote, kwa sababu sikuwa na za kuogelea, na chumvi ikanichoma macho, nikacheka peke yangu. Nilifurahi, na sitamwomba mtu radhi kwa furaha ile.

Lakini hata huko hawakuniacha kwa amani. Kwenye nyumba ya wageni ya Bangkok, jikoni, wazee wawili wazungu, mume na mke, waliniuliza kama mimi ni muuguzi. Nikasema hapana. Wakauliza kama nimekuja na kanisa. Nikasema hapana. Mke akashusha sauti, akaniuliza kama nchini kwangu kuna vita na kama nimepata mahali pa kukaa. Nikawaambia niko likizo. Natembea, kama ninyi. Mume akasema mimi ni jasiri. Yeye hakuitwa jasiri na mtu. Yeye alikuwa mstaafu anayetembea.

Palikuwa na kijana mmoja wa kwao vilevile, aliyeacha kazi ya benki kwa mwaka mmoja ili, alivyosema, apumue. Tulikaa meza moja siku nyingi, tukapatana. Nikamuuliza: unajuaje kazi yako itakungoja? Hakuelewa swali. Nililirudia kwa Kifaransa cha polepole. Akasema wameandikiana na bosi wake, basi imekwisha. Mama yake alimfanyia sherehe, na akirudi atamfanyia nyingine. Nami nilikuwa nimeandikiana na bosi wangu, tena kwa mihuri. Nikamwambia basi tuko sawa, tukagonganisha glasi.

Kila wiki nilimpigia mama. Aliniuliza kama nakula, kama kuna baridi, kama nimepata misa. Hakuniuliza hata mara moja ninarudi lini. Nilipomwambia mwenyewe kwamba ni mwezi ujao, sauti yake ilishuka.

"Mama, mwezi yenye kuya narudia."

"Ongea pole pole," akasema. "Bantu banasikia."

Watu gani? Nilikuwa juu ya paa la hoteli huko Dakar na nguo zinazokauka. Alidhani nasema kwa ajili ya masikio ya wengine. Alidhani bado naigiza.

Nilirudi na basi la Lubumbashi, mchana, na mfuko uleule mmoja wa mgongoni. Nilipita mtaani kwetu kwa miguu. Majirani walitazama mgongo wangu, kisha nyuma ya mgongo wangu, wakitafuta gari lenye masanduku. Mama alikuwa anapepeta unga uani. Aliniona, akaweka lungo chini, na uso wake ukaingia hofu. Nilikuwa nimeuona uso ule mara moja tu kabla ya hapo, siku walipokuja kutuambia habari za baba.

"Balikurudisha?"

"Hapana, mama. Nilirudia minye mwenyewe."

"Ulikosa nini kule?"

"Sikukosa kintu."

"Kama haukukosa kintu, juu ya nini unarudia?"

Akanikumbatia, ndiyo, akalia kidogo, akanipa maji. Lakini alinipa maji ndani, mlango umefungwa, ili watu wasione. Jioni akaja dada yake mwingine, ambaye aliacha misa zamani na kuhamia kanisa la maombi na vipaza sauti. Alinizunguka akinitazama kama mtu anayekagua mbuzi sokoni.

"Iko na blocage," akamwambia mama, yaani nimefungwa kwa nguvu za giza, mimi nikiwa nimekaa pale pale. "Muntu wa akili haiwezi kutoka Bulaya peke yake. Lazima tumupeleke ku maombi."

"Sikufika Bulaya, tantine," nikasema. "Balininyima visa."

"Unaona? Blocage ilianza kule kule."

Nililala na hasira hiyo, nikidhani ndiyo yenyewe. Haikuwa yenyewe.

Asubuhi nilikaa na chai yangu nikingoja muda wa kwenda kiwandani kujionyesha. Mdogo wangu, anayekaa kwenye nyumba ndogo ya nyuma na mke wake na mtoto wao mchanga, akapita uani. Amenyoa ndevu, amevaa viatu vya kufunga. Mkononi amekunja koti jeupe la maabara, na kwenye mfuko wake kuna doa la kahawia nililolijua, kwa sababu asidi ile niliimwaga mimi.

"Bonjour, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake.

"Unaenda wapi na blouse yangu?"

"Ku kazi."

"Kazi gani?"

Alimtazama mama. Mama alikuwa anakoroga uji wa mtoto na hakuacha kukoroga.

"Ku laboratoire," mama akasema. "Nafasi yako ingelala bule. Nilienda kumuona chef, nikamulomba amupatie mudogo yako."

"Mama! Nilisema nitarudia!"

"Bote banasemaka vile."

Inabidi nieleze na hili, maana mtu wa mbali atadhani mama yangu ni mwizi. Yeye ni mke wa mfanyakazi, binti wa mfanyakazi. Alizaliwa katika hospitali ya kampuni ya madini, akakua katika nyumba za kampuni, na enzi hizo baba akichoka kazi, mtoto wake aliingia kwa mlango uleule. Kwake kazi ni kama shamba la ukoo: mmoja akisafiri, mwingine analima, mradi lisimee nyasi na mgeni asije akapanda. Kwa hiyo alivaa kitenge chake cha Jumapili, akashika kuku chini ya kwapa, akaenda kwa mkubwa wangu wa kazi, akamwambia binti yake amebaki kule, basi nafasi isitoke nyumbani. Alifanya hivyo mwezi wa pili tu wa safari yangu. Kila wiki aliniuliza kama nakula, na kazi yangu alikuwa ameshaigawa.

Lakini ile haikuwa kazi ya baba! Baba yangu alikuwa mtu wa tanuru, Mungu amrehemu, na hakuwahi kuingia maabara. Mimi sikuingia kwa mlango wake. Niliingia kwa mtihani, pamoja na wanaume chumba kizima. Hakuna shamba pale. Kuna mimi na kichwa changu. Nilimwambia mama hivyo, nikimpigia kelele, mtoto mchanga akaanza kulia ndani, na mke wa mdogo wangu akatokea mlangoni akatutazama wote watatu.

Nikaenda kiwandani nikitembea mbele, mdogo wangu nyuma. Mkubwa wa maabara alisimama kunisalimia, akaagiza nipewe kiti. Alikuwa na haya, naweza kusema hivyo kwa faida yake, ingawa sipendi kusema lolote kwa faida yake.

"Madame, congé yako iko en ordre," akasema, akigonga kwa kidole barua yangu ya likizo. "Hakuna problème ku ba papiers."

"Basi naanza kesho."

"Attendez, ngojea kwanza. Mama yako mwenyewe njo alikuja hapa. Alisema ulishabakia kule. Mama haiwezi kudanganya juu ya mutoto wake."

"Mulinipigia simu?"

"Madame, bantu banaenda, habarudiake. Weye unajua." Akafungua mikono. "Poste iko moja. Mudogo yako anatumika muzuri, alishajifunza. Muende mupatane ku nyumba, halafu murudie, muniambie ni nani."

Mupatane nyumbani! Mkataba wenye sahihi yake mwenyewe aliutupa jikoni kwa mama yangu, kati ya sufuria na mkaa. Yule kijana wa benki asingeambiwa hivyo. Asingeambiwa aende kwao akagombane na ndugu yake juu ya meza ya kula ili bosi apumzike. Nilitoka bila kuaga. Mdogo wangu akabaki, kwa sababu siku hiyo bado ilikuwa zamu yake, na sampuli zilikuwa zinangoja.

Tukakaa jioni ile ile, mama, mdogo wangu na mimi. Mke wake hakuitwa. Mdogo wangu alianza mwenyewe, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu ingekuwa rahisi kama angekuwa mkaidi.

"Yaya, ile kazi iko yako. Chukua."

"Nyamaza," mama akamwambia. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hofu tena usoni. Alikuwa amekasirika kama mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona hasira yangu imetoka wapi. "Weye uko na diplôme. Utapata kwengine. Huyu alitafuta kazi miaka mingapi? Iko na bibi, iko na mutoto. Akitoka pale ataenda ku Kamatanda, ku mashimo. Weye ulishaona dunia muzima. Yeye iko na nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Kwamba diploma yangu ina miaka mingi na viwanda vingine vinataka vijana. Kwamba mtu ana haki ya kupumzika na kurudi, na haki hiyo haiwi dhambi kwa sababu tu imefanywa na mwanamke wa Likasi. Kwamba sikumwibia mtu ile dunia. Niliyaacha yote.

"Yeye iko na weye," nikasema.

Mama akainuka akaenda kuzima moto uani. Hakurudi kukaa.

Nilichukua kazi yangu. Naliandika hapa waziwazi, kwa sababu wapo wanaongoja niandike kwamba nilimwachia. Sikumwachia. Ilikuwa yangu, nikaichukua, nikavaa koti langu lenye doa na nikasaga mawe yangu. Wiki za kwanza mkono wangu ulikuwa mzito, nikarudia vipimo mara mbili, mara tatu, na wenzangu wakajifanya hawaoni. Mkubwa alinipita kwenye korido akisema "Madame" na kuinamisha kichwa. Mdogo wangu alitafuta mjini, akatafuta kwa wauza saruji, akatafuta kwenye maghala. Kisha akaenda Kamatanda, ku mashimo, kama mama alivyosema. Huondoka na baiskeli asubuhi mapema, na magunia wanayoyatoa yeye na wenzake huja kwetu maabara pamoja na ya wengine. Hayana jina. Huenda nimepima jiwe lake, sijui, wala sitaki kujua.

Mama alinirudia polepole. Alinipikia, akanisalimia, akaniombea misa siku ya kuzaliwa kwangu. Kisha siku moja, tunachambua sombe, majani ya muhogo, akaniuliza.

"Utarudia kule lini?"

"Wapi, mama?"

"Kule kwenye ulikuwa."

Nikamwambia siendi popote, niko nyumbani, nina kazi. Hakubishana. Akachambua jani lake mpaka mwisho, akachukua jingine. Wiki iliyofuata akauliza tena, na wiki iliyofuata tena. Nilimjibu kwa hasira, nikamjibu kwa upole, nikamjibu kwa Kifaransa. Mwisho nikamvamia mdogo wangu pale anapofunga gunia tupu nyuma ya baiskeli. Nikamwambia akamweleze mama yake vizuri: siendi, sitakwenda, nafasi haitafunguka, aache kuninyemelea kila Jumamosi.

"Minye najua, yaya," akasema. "Mama njo mwenye hajue."

"Basi mwambie!"

Akakaza kamba. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwenye vifundo na kucha zake zilikuwa nyekundu kwa udongo.

"Usimuambie," akasema. "Nakulomba, yaya. Zamani alikuwa halale. Ile siku shimo ya ba jirani ilianguka, alikaa ku mulango mupaka niliporudia. Sasa analala. Anajiambia ni ya muda kidogo, yaya yangu ataenda, minye nitarudia ku laboratoire. Njo vile analala."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga yeye, na mkubwa wa maabara, na yule mtu nyuma ya kioo, wote kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimezunguka dunia na kurudi siku niliyosema nitarudi. Watu wangu wote walikuwa wameikataa kweli yangu, na sasa ndugu yangu aliniomba uongo. Nilimwambia aende zake, atachelewa. Akaenda.

Jumamosi mama akaketi mahali pake na beseni la sombe katikati yetu. Tulichambua kwa muda. Nilikuwa na hasira bado, ninayo hata sasa ninapoandika. Alipouliza nilikuwa nimeshajiandaa.

"Utarudia kule lini?"

"Karibu, mama," nikasema. "Nangoja tu visa."

"Sawa," akasema.

Akaniamini papo hapo.